Namna ya Kufundisha Ufalme wa Chimor Ukiwa Dodoma: Anza na Maji, Wafalme Watafuata

Mara ya kwanza nilipofundisha habari za ufalme wa Chimor nilianza kwa kuandika ubaoni orodha ya wafalme, na kabla sijafika jina la tatu nusu ya darasa ilikuwa imeshasinzia. Aliyeniokoa ni msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye alinyoosha mkono akauliza: "Samahani mwalimu, hao watu walikuwa wanachota maji wapi?" Tangu siku ile nimekuwa nikilianza somo kwa swali lake, na mwongozo huu nimeuandika kwa mwalimu mwenzangu, au mlezi wa klabu ya historia, anayetaka kuwaeleza vijana wa Dodoma habari za ufalme wa Amerika Kusini uliostawi na kuanguka kabla Christopher Columbus hajavuka bahari mwaka 1492.

Chimor ulikuwa ufalme wa pwani ya kaskazini ya nchi ambayo leo ni Peru. Ulianza kuchipuka yapata mwaka 900 na ulidumu hadi kwenye miaka ya 1470, ulipotekwa na Wainka. Wenyeji wake hujulikana kama Wachimu. Nauchagua ufalme huu kuliko falme nyingine za bara hilo kwa sababu moja tu: ulijengwa mahali pakavu, na mtoto wa Dodoma hahitaji kufundishwa ukame ni nini.

Kabla ya kutoka uwanjani

Somo hili linahitaji vipindi viwili vinavyofuatana na uwanja mtupu usiopungua hatua ishirini na tano kwa urefu. Tafuta ndoo moja ya majivu, kamba ndefu ya katani, kibao cha kufyatulia matofali, kopo, udongo wa kutosha matofali mawili, na viganja vichache vya mahindi, maharage, karanga, mbegu za maboga, pilipili na pamba. Ukiweza, panga somo liwe mwezi Novemba, kabla ya mvua kuanza. Sababu yake itaonekana mwishoni.

Wanafunzi wakiwa bado darasani, ondoa kwanza mkanganyiko ambao kila mwaka hujitokeza. Wengi wamesikia habari za Wainka, nao hudhani kwamba kila jambo la kale la Peru ni la Wainka. Waeleze kwamba Wainka walitoka milimani, mji wao mkuu ukiwa Cuzco, na kwamba walikuja kuitawala pwani ya kaskazini mwishoni kabisa, kwa miaka michache isiyotimiza hata karne moja kabla ya Wahispania kufika. Waeleze pia kwamba katika bonde lilelile la Moche, kabla ya Wachimu, kulikuwa na watu wengine ambao wataalamu wa mambo ya kale huwaita Wamoche, waliojenga mahekalu makubwa ya matofali ya udongo. Hivyo Chimor uko katikati, baada ya Wamoche na kabla ya Wainka. Usitumie zaidi ya dakika kumi katika jambo hili.

Kuchora nchi kwa majivu

Toka na wanafunzi uwanjani, uwatazamishe kaskazini. Nyosha kamba kutoka kaskazini hadi kusini kwa hatua ishirini, kisha umwage majivu juu yake. Huo ndio ufuko wa bahari. Kila hatua ihesabiwe kuwa kilomita hamsini, kwa maana Chimor ulipofikia upana wake wa mwisho ulishika ufuko wa takriban kilomita 1,000, kuanzia Tumbes, karibu na mpaka wa Ecuador ya leo, hadi kwenye bonde la Chillón, jirani na mahali ulipo sasa mji wa Lima. Ili umbali huo uingie akilini, waambie wafikirie basi linalotoka Dar es Salaam, linapita Dodoma na kuelekea Mwanza, likakatisha safari muda mfupi kabla ya kufika.

Upande wa magharibi wa mstari ni Bahari ya Pasifiki. Upande wa mashariki, kwa umbali wa hatua mbili hivi, panga mawe yawe milima ya Andes. Nafasi iliyobaki katikati, hiyo nyembamba kama ukanda, ndiyo iliyokuwa nchi yenyewe. Sasa waulize mvua ya nchi hiyo ni kiasi gani, uwaache wakisie. Dodoma hupata yapata milimita 570 kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, nasi hujiona watu wa nchi kame. Pwani ya Trujillo, palipokuwa makao ya wafalme wa Chimor, kwa kawaida haifikishi hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Kinachosababisha hali hiyo ni mkondo wa bahari uitwao Humboldt, ambao huleta maji baridi kutoka kusini na kuipoza hewa ya pwani, kiasi kwamba ukungu hutanda siku nyingi lakini mvua hainyeshi. Maji hayohayo ya baridi yamejaa samaki, hususan wale wadogo wa jamii ya dagaa, na ndiyo maana watu wa jangwa lile hawakufa njaa.

Baada ya hapo chora mito. Toka kwenye mawe ya milima uje hadi baharini kwa mistari mifupi ya majivu, ukianzia kaskazini: Tumbes, Chira, Piura, La Leche, Lambayeque, Zaña, Jequetepeque, Chicama, Moche, Virú, Santa, Nepeña, Casma, Huarmey, na kuendelea hadi Chillón. Huna haja ya kuwakaririsha majina yote. Ninachosisitiza mimi ni kwamba kila mstari ni bonde la kijani, na baina ya bonde na bonde ni mchanga mtupu. Mpe kila mwanafunzi mmoja mto wake asimame hapo. Moche utakuwa kwenye hatua ya kumi na moja ukihesabu kutoka kaskazini, Zaña kwenye ya nane, na Santa kama ya kumi na tatu.

Sasa ndipo wafalme waingie, tena kwa miguu yao. Kwa mujibu wa simulizi iliyoandikwa Trujillo mwaka 1604 na mtu asiyejulikana jina, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme aliitwa Tacaynamo, naye alifika bondeni Moche kwa njia ya bahari, akiwa juu ya chombo cha magogo. Mwanawe, Guacricaur, alilitwaa bonde la chini. Mjukuu, Ñançenpinco, alipanda hadi bonde la juu, kisha akashika mabonde ya pwani kutoka Zaña hadi Santa. Wa mwisho, Minchançaman, ndiye aliyefika Tumbes kwa upande mmoja na mabonde ya Lima kwa upande wa pili. Wachague wanafunzi wanne wawe watawala hao, na kila mmoja atembee mpaka wake wote huku wengine wakihesabu ni mito mingapi ameiongeza. Watatambua wenyewe, bila wewe kusema, kwamba mfalme wa Chimor hakuwa akiongeza ardhi bali alikuwa akiongeza mito, kwa kuwa ardhi isiyo na mto haikuwa na thamani yoyote kwake. Waambie tu kwamba simulizi ya 1604 iliandikwa zaidi ya miaka 130 baada ya ufalme kuanguka, na kwamba wachimbaji wa mambo ya kale hawakubaliani nayo katika kila hatua ya upanuzi huo.

Kabla hamjaondoka kwenye ramani, simulia habari ya mfereji wa La Cumbre. Mto Moche ulikuwa hauyatoshi mashamba ya mji mkuu, na jirani yake, Chicama, ulikuwa na maji mengi zaidi. Kwa hiyo Wachimu walichimba mfereji wa zaidi ya kilomita 70, ukizunguka vilima na kukata jangwa, ili wayalete maji ya Chicama hadi Moche. Kwa kipimo chetu ni sawa na kwenda Chamwino na kurudi mjini, ukichimba kwa zana za mbao, mawe na shaba. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama maji yaliwahi kufika: wako wanaosema mafundi walikosea mteremko, na wako wanaosema ardhi yenyewe iliinuka kwa nguvu za chini ya tabaka la dunia. Ukiwagawa wanafunzi makundi mawili wakabishana juu ya jambo hili, utahitaji kuwakatiza kengele ikilia, maana hawatanyamaza wenyewe.

Kisha mwaga mbegu zako juu ya mabonde. Mahindi, maharage, karanga, maboga, pilipili: vyakula vyote hivyo vililimwa na Wachimu na watu waliowatangulia, na vyote vimetoka Amerika. Mtoto anayetoka Kongwa, ambako serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mradi wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, huwa anashangaa sana kusikia kwamba karanga si mmea wa kwao. Pamba walikuwa nayo pia, ya aina yao wenyewe, nayo walisokotea nyavu za kuvulia na kufumia nguo. Mbolea yao nzuri kuliko zote ilikuwa kinyesi cha ndege wa baharini, kilichochotwa kwenye visiwa vilivyo mbele ya pwani.

Mji wa udongo

Mji mkuu wa Chimor uliitwa Chan Chan, na magofu yake yapo hadi leo nje kidogo ya Trujillo, yakiwa yametapakaa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Wote waliokaa humo pengine walifika watu 30,000, na wako wanaokadiria zaidi. Karibu kila kitu kilijengwa kwa udongo. Hapa mwalimu wa Dodoma ana faida ambayo mwalimu wa Ulaya hana: waulize wanafunzi ni nani amelala katika nyumba ya tembe kwa bibi yake, na mikono itanyanyuka. Wanajua jinsi paa la udongo linavyokandikwa upya kabla ya masika, wanajua harufu ya ukuta ulioloa, na wanajua kinachotokea kwa nyumba isiyotunzwa.

Katikati ya mji palikuwa na nyua kubwa za kifalme, tisa au kumi kwa namna unavyozihesabu, kila moja ikizungukwa na ukuta uliofikia mita 9 katika sehemu fulani. Nyingi zilikuwa na mlango mmoja tu, upande wa kaskazini. Aliyeingia alikuta kiwanja kipana cha kukusanyikia, kisha vijia vyembamba vyenye kona nyingi, vyumba vidogo vyenye umbo la herufi U ambamo inadhaniwa maofisa walikaa kusimamia mali, kisha safu kwa safu za maghala, na mwisho jukwaa alimozikwa mfalme. Wataalamu wengi huamini kwamba kila mtawala alijenga ua wake, na kwamba alipofariki ua ule ulibaki kuwa mali ya ukoo wake, naye mrithi akaanza kujenga wa kwake. Kuta zilinakshiwa kwa udongo uleule: safu za samaki, ndege wa baharini, mawimbi, na miraba iliyopangwa mfano wa nyavu. Mafundi na watu wa kawaida waliishi nje ya kuta hizo, katika vyumba vya fito na udongo vilivyobanana, wakifuma nguo, wakifua dhahabu, fedha na shaba, na wakifinyanga vyungu vyeusi ving'aavyo ambavyo vilipata weusi wake kwa kuzibiwa hewa wakati wa kuchomwa.

Lile swali la yule msichana wa dawati la nyuma linajibika hapa. Ndani ya nyua hizo palikuwa na visima vikubwa ambavyo mtu aliviteremkia kwa miguu hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, na pembezoni mwa mji, upande wa bahari, Wachimu walichimba mashamba chini ya usawa wa ardhi, wakaondoa mchanga hadi wakakaribia unyevu, ndipo wakapanda. Wanafunzi waliowahi kutumwa kufukua mchanga wa mto uliokauka ili kungojea maji yajikusanye wataielewa mbinu hiyo mara moja. Uliza aliyefanya hivyo aeleze alichimba hadi usawa wa goti au wa kiuno, kisha waambie kwamba kadiri mifereji ya bondeni ilivyomwagilia mashamba mengi, ndivyo maji yaliyonywea ardhini yalivyopandisha usawa wa maji katika visima vya mjini. Mfereji ukikauka, kisima nacho hushuka.

Baada ya maelezo hayo, fyatueni matofali mawili ya udongo na kuyaanika kivulini. Msiyachome.

Watu wa nchi hiyo na lugha zao

Kosa ambalo nimeliona hata katika maelezo ya watu wazima ni kudhani kwamba kwa kuwa palikuwa na ufalme mmoja basi palikuwa na kabila moja. Watawala wa bonde la Moche na majirani zao walisema lugha iitwayo Quingnam. Kaskazini, katika nchi ya Lambayeque, ambayo Wachimu waliiteka katika karne ya 14, watu walisema Mochica, nao walikuwa na simulizi yao ya mfalme mwanzilishi, Naymlap, ambaye naye alifika kwa bahari. Mbali zaidi, huko Piura, waliishi Watallan. Waandishi wa Kihispania walitaja pia usemi wa wavuvi wa ufukweni, watu waliokwenda baharini juu ya mitumbwi iliyofungwa kwa matete, ambayo wavuvi wa Huanchaco, pwani ya Trujillo, hawajaiacha mpaka leo.

Mfano wa kueleza jambo hili uko karibu. Ndani ya mkoa wetu, ukipanda kutoka mjini hadi Chemba na Kondoa, utasikia Kigogo, Kirangi, Kisandawe chenye sauti zake za kugonga ulimi, na Kiburunge, lugha ambazo hazitoki katika ukoo mmoja ingawa wasemaji wake huuziana mbuzi katika mnada mmoja. Lakini usiusukume mfano huu mbali. Ugogo haukuwa ufalme. Ulikuwa na watemi wengi wa maeneo madogo, ambao heshima yao ilifungamana na ardhi na matambiko ya mvua. Mtemi aliomba mvua iliyokuwa na desturi ya kuja. Mtawala wa Chimor alikuwa mahali ambapo mvua haiji, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha maelfu ya mikono inazibua mifereji kila mwaka.

Mochica iliandikiwa kitabu cha sarufi mwaka 1644 na padri Fernando de la Carrera, na ilitoweka katika karne ya 20. Quingnam haikupata bahati hiyo. Mwaka 2008 wachimbaji waliokuwa wakifukua kanisa lililoporomoka katika kijiji cha zamani cha Magdalena de Cao, bonde la Chicama, waliokota barua ya mwanzoni mwa karne ya 17, na nyuma yake mtu fulani alikuwa ameandika hesabu kwa Kihispania, moja, mbili, tatu, na mbele ya kila namba neno la lugha isiyojulikana, ambayo huenda ni Quingnam. Waambie wanafunzi wageuze ukurasa wa daftari na waandike namba kumi za lugha ya nyumbani kwao kwa namna ileile. Zoezi hilo huchukua dakika tano, na kila mara nimegundua wachache wanaokwama kwenye sita au saba.

Kuanguka, na jambo la kusemwa kwa uangalifu

Vita vya Wainka vielezwe kwa ufupi, lakini rudini kwanza kwenye ramani ya majivu. Waonyeshe kwamba mito yote ya Chimor inaanzia kwenye yale mawe ya mashariki, ambako mfalme wa pwani hakuwa na mamlaka. Wainka walianza kwa kuitwaa Cajamarca, milimani, kisha wakateremka, na yapata mwaka 1470 jeshi la Tupac Inca Yupanqui likaushinda ufalme. Minchançaman alichukuliwa hadi Cuzco akakaa huko kwa heshima ya mateka, na mafundi wa dhahabu na fedha wakahamishiwa huko pia. Wahispania walipofika miaka sitini baadaye, Chan Chan ulikuwa umeshapoteza watu wake wengi, na kilichowavutia wageni hao kikawa dhahabu ya makaburini.

Liko jambo moja ambalo kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza huwa naliacha, na kwa wakubwa nalieleza wakiwa wamekaa. Huko Huanchaquito, karibu na Chan Chan, uchimbaji ulioanza mwaka 2011 ulifukua mabaki ya watoto zaidi ya 140 na lama (wanyama wa Andes wa jamii ya ngamia) zaidi ya 200, waliotolewa kafara kwa pamoja katikati ya karne ya 15. Walikuwa wamezikwa katika tabaka la tope lililokauka juu ya mchanga, dalili kwamba mvua kubwa ilikuwa imenyesha mahali pasiponyesha. Watafiti wanahisi kafara ile ilihusiana na mvua za El Niño. Wazazi wa wanafunzi wetu wanazikumbuka za mwaka 1997 na 1998, zilizokata barabara na reli hapa Tanzania; msimu uleule zilifurika Peru, na jangwa la Sechura likageuka ziwa. Eleza bila kupamba na bila kuwaita watu wale washenzi. Kama mwanafunzi ataondoka, mwache aondoke.

Mkirudi kwenye matofali, lipeleke moja stoo na lingine liacheni nje, juu ya jiwe, mahali pasipo na mti. Kabla ya kuliacha, lipimeni urefu, upana na kimo kwa rula, na kila kundi liandike vipimo hivyo kwenye daftari chini ya mchoro wa Chan Chan. Shule zikifunguliwa Januari mvua zitakuwa zimeshanyesha mara kadhaa. Toeni lile la stoo, yalinganisheni, na mbele ya wote andikeni tarehe ambayo UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka 1986, na tarehe ulipoingizwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini: mwaka uleule.